Kadi Arobaini kutoka Rosario

Zabrodets, Jumatatu ya juma la kusoma habari za Nuhu
12 Oktoba 1931

Mdogo wangu Tsivye,

Pokea salamu za Mama kwanza, halafu zangu. Sisi hatujambo. Mama ana kikohozi chake kilekile, tanuri linawaka, na Wifi Pesye anakanda unga kwa mikono miwili utadhani anayo minne.

Sasa nikuulize jambo, na unijibu bila kuzunguka. Nani amemtuma kwetu mtu mwenye viatu vya njano?

Alikuja Alhamisi, mimi nikiwa sokoni na mikate. Niliporudi nikamkuta jikoni, amekalia kiti cha marehemu Baba, daftari gotini, anakunywa chai yetu. Anajiita Note Vaynrib. Anasema anakusanya misemo ya wazee, eti huko kwenu Vilna kuna jumba la wasomi waliotengeneza makabati ya kuiwekea. Tsivye, nina miaka hamsini na minne. Sijapata kusikia mtu mwenye akili zake amepanda treni, halafu gari la farasi katika matope ya Oktoba, ili aandike maneno ambayo vikongwe wanawatupia kuku uani.

Mama, basi, amefurahi kama bibi harusi. Unamjua, hawezi hata kuomba chumvi bila kuanza na msemo wa mama yake. Alikuwa ameshampa sitini, na mtu yule anaandika, analamba penseli, anaandika.

Lililonigandisha ni hili. Alimwuliza Mama kama anaujua ule wa mbuzi na ngazi. Akauanza, Mama akaumalizia, wakacheka wote wawili. Siuandiki hapa, maana barua siku hizi hufunguliwa njiani. Lakini wewe unajua kwamba ule si msemo wa mji. Bibi Gnesye aliutunga mwenyewe siku mbuzi wake alipokwea paa la jirani, na haujawahi kutoka nje ya jiko letu. Kisha mtu huyo akamwuliza Mama ana watoto wangapi na wako wapi. Hapo nikachukua kofia yake, nikampa mkononi.

Wanaoujua msemo huo ni Mama, mimi, wewe na Pesye. Pesye hajatia mguu nje ya Zabrodets tangu aolewe. Aliyebaki ni wewe. Niambie umemwambia nini kingine.

Kwa bahati nzuri Pesye alikuwa kwenye tanuri, hakusikia kitu. Usimwandikie habari hizi. Unajua moyo wake.

Dada yako,
Hodes


Vilna, 16 Oktoba 1931

Dada Hodes,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikamsomea mume wangu. Anshl alicheka. Mimi sikucheka.

Simjui mtu mwenye viatu vya njano. Sijamwambia mtu yeyote maneno ya jikoni mwetu. Hapa nashona glavu kuanzia saa moja asubuhi, na wenzangu hawana hamu ya mbuzi wa bibi yangu. Ungeniuliza kwanza, ndipo unihukumu.

Jumba hilo la wasomi lipo. Anshl amewahi kupanga herufi za vitabu vyao pale kiwandani. Anasema watu huwatumia misemo kwa barua kutoka kila pembe, Wayahudi wa Amerika, wa Afrika Kusini, wauza samaki, mafundi cherehani. Yote hunakiliwa kwenye kadi. Kwa hiyo mtu wako huenda ni mkweli kabisa, na wewe umemtoa na chai ikiwa nusu.

Ila hesabu yako ina kasoro. Umetaja wanne. Umemsahau wa tano, ambaye hakuna mtu aliyewahi kutuambia amekufa. Kaka Elyokum naye alikulia katika jiko lile.

Na kwa nini Pesye asisikie? Kama kuna mtu mwenye haki ya kusikia chochote kinachonusa habari za Elyokum, ni yeye. Miaka ishirini na saba tangu mumewe apelekwe vita vya Japani. Kila rabi anamwambia neno lile lile, alete shahidi wa kifo au talaka ya mume, la sivyo hawezi kuolewa. Si mjane, si mke. Anaoka mikate kwa mama mkwe na kungoja. Moyo wake umebeba hayo, nawe unaogopa utashindwa kubeba mgeni mwenye daftari?

Jumapili ya wiki ijayo nitakwenda kwenye jumba lile kuuliza.

Mdogo wako,
Tsivye


Zabrodets, Jumanne ya juma la Ibrahimu kuhama kwao
20 Oktoba 1931

Tsivye,

Usiende.

Sikutaka kukutia hofu, lakini sasa nalazimika. Nimeuliza uliza. Huko Grodno mwezi uliopita alipita mtu kama huyo, naye akijifanya anatafuta nyimbo za zamani, na wiki iliyofuata polisi waliwachukua vijana wawili. Mumeo ni mtu wa chama cha wapiga chapa. Unataka kuingia kwa miguu yako kwenye nyumba wanayoandika majina kwenye kadi? Mtu anayeuliza mama ana watoto wangapi hakusanyi misemo, anakusanya watoto.

Kuhusu Elyokum, acha wafu walale. Mimi nililia nikamaliza. Ukianza kumfufua, Mama atakosa usingizi, na Pesye ataacha chachu ichache. Nani atakuja kuokoa tanuri, wewe na glavu zako?

Nimempa mchukuzi akuletee chupa ya mafuta ya bata bukini na mto wa manyoya. Ni kwa ajili ya kifua cha Anshl. Mle, mlale, mwachane na makabati ya watu.

Mama anakusalimu. Siku hizi anachanganya mambo, usiyatie maanani atakayokuandikia kwa mkono wa mtu mwingine.

Hodes


Vilna, 1 Novemba 1931

Dada,

Mafuta yamefika. Mto umefika. Nilikwenda.

Nilimkuta Note Vaynrib mwenyewe. Viatu ni vya njano kweli. Aliachiwa na shemeji yake. Nilipomwambia mimi ni binti Badane wa Zabrodets, aliona haya, akauliza kama dada yangu bado ana hasira. Kisha akaniwekea mezani sanduku dogo, akasema, "Nilikuja kwenu kwa sababu ya hizi."

Kadi arobaini, Hodes. Nilianza kusoma ya kwanza nikaisikia sauti ya Mama akinifokea kwa kuacha mlango wazi. Ya pili ni ile Mama aliyokuwa akisema Baba akichelewa. Mbuzi na ngazi ni ya kumi na moja. Chini ya kila moja pameandikwa: kutoka kwa mama yangu, Badane, mwoka mikate wa Zabrodets. Mtumaji ni fundi vitanda, Rosario, Argentina.

Nikamwomba zile karatasi zenyewe zilizonakiliwa. Akazileta. Herufi zimelalia upande mmoja kama majani yaliyokanyagwa. Wewe na mimi tunamjua mtu mmoja tu anayeandika hivyo, aliyekuwa anachapwa na mwalimu kwa sababu ya mkono wa kushoto. Na jina lake liko chini, lote, bila kufichwa.

Kaka yetu yu hai. Nililia mbele ya watu wasionijua, na Vaynrib akanipa kitambaa chake.

Pamoja na misemo hiyo kuna barua fupi. Nimenakili sehemu hii kwa mkono wangu, neno kwa neno:

"Gazeti la hapa liliomba watu watume maneno ya nyumbani. Mimi natuma ya mama yangu, kwa kuwa naogopa nitasahau anavyosema. Mwaka 1912 nilimwandikia mara mbili. Nilimwomba radhi kwa kutoroka jeshini na kunyamaza, na nikasema niko tayari kumpa mke wangu talaka wakati wowote, ili naye apate kuishi. Sikujibiwa. Nikaelewa kwamba amenifuta."

Vaynrib alitaka kumwuliza Mama taratibu kama ana mwana ng'ambo. Hakufika huko. Alipewa kofia.

Sasa nami nina swali, dada, na unijibu bila kuzunguka. Mama hajui kusoma. Mwaka 1912 mimi nilikuwa nimeshaolewa huku. Nani alikuwa anapokea barua pale nyumbani na kumsomea?

Tsivye


Zabrodets, Alhamisi ya juma la kufa kwa Sara
5 Novemba 1931

Tsivye,

Barua ngapi zilipotea zama za mfalme wa Urusi? Magunia kwa magunia. Posta yetu iliungua mwaka ule, au uliofuata, sikumbuki vizuri. Na mwandiko wa kulalia upande, watu wangapi wa mkono wa kushoto wako duniani?

Mtu huyo ni tapeli. Amesikia misemo yetu kwa mtu wa mji huu aliyehamia huko na sasa anatafuta familia ya kuikamua. Usimwandikie. Nakuomba kwa jina la Baba, usimwandikie, na usimwambie Pesye, hasa sasa majira haya tunapooka kwa ajili ya harusi mbili.

Hodes


Vilna, 10 Novemba 1931

Wifi yangu Pesye,

Barua hii utapewa mkononi na Bwana Note Vaynrib. Sikuipeleka posta kwa sababu kwenu barua hupita kwanza kwa Hodes, na sina hakika tena kwamba zote hufika kwa wenyewe. Inaniuma kuandika hivyo juu ya dada yangu. Labda namsingizia. Soma, kisha uamue wewe.

Elyokum yu hai. Yuko Rosario, Argentina. Nimeambatisha maneno yake niliyoyanakili, ya mwaka jana, pamoja na habari za barua za mwaka 1912. Nimeshamwandikia. Nimemwambia kwamba Mama hakumfuta, na kwamba wewe bado umefungwa kwa jina lake. Barua itachukua wiki tano au sita baharini.

Nisamehe kwa kukushtua. Kukaa na jambo hili peke yangu hata siku moja zaidi kungekuwa kushiriki kulificha.

Wifi yako,
Tsivye


Zabrodets, Jumapili
15 Novemba 1931

Wifi Tsivye,

Sina mazoea ya kuandika. Utanivumilia.

Mtu wako alikuja mlango wa nyuma, akanunua mikate miwili, akaniachia bahasha juu ya unga. Niliisoma nimesimama. Nilipomaliza, moshi ulikuwa umejaa. Tangu nianze kazi ile sijawahi kuunguza tanuri zima. Jana, siku ya Sabato, watu wa Zabrodets walikula mkate wa Wapolandi.

Hodes alikuja mbio kuuliza kinachoungua. Mimi nikamwuliza, "Hodes, mwaka wa kumi na mbili kulikuja barua hapa?"

Akasema, "Tsivye anazua."

Nikamwambia, "Sijamtaja Tsivye."

Akachukua pala akaanza kutoa mikate iliyoungua, mmoja mmoja, akiipanga mezani kama inayokwenda kuuzwa. Hakuniangalia. Nilingoja mpaka mkate wa mwisho. Halafu nikavua aproni.

Nataka ujue huo mwaka wa kumi na mbili ulikuwa mwaka gani kwangu. Nilikuwa na miaka thelathini. Shakhne fundi vioo alikuwa anakuja kukaza dirisha la duka ambalo halikuwa limelegea. Hakusema neno la aibu, wala mimi sikusema. Alikwenda kwa rabi kuuliza kama kuna njia. Rabi akamwambia hakuna bila karatasi ya mume. Alingoja mpaka mwaka wa kumi na nne, kisha mama yake akamwoza binti wa mji wa Lida. Mikate ya harusi yake niliisuka mimi. Hodes alisimama kando yangu akiipaka mayai, na alikuwa anajua.

Sasa Shakhne ana wajukuu. Simtaki tena, usidhani. Lakini naitaka karatasi yangu.

Mama sijamwambia. Anauliza kwa nini nyumba imenyamaza. Nisaidie kupata mahali Vilna, hata pembe ya jiko.

Pesye


Zabrodets, Jumatano ya juma la Yakobo kwa Labani
18 Novemba 1931

Tsivye,

Pesye amefunga nguo zake leo. Amemwambia Mama anakwenda kutibiwa meno Vilna. Kwa hiyo sasa wote tunadanganya.

Zilikuja mbili. Ya kwanza mwezi wa Machi, ya pili mwezi wa Oktoba, baada ya sikukuu ya Sukoti. Nilizisoma nimejifungia ghalani. Ya kwanza niliiweka kwenye mfuko wa aproni siku tatu, nikijiambia kesho nitamsomea Mama. Unakumbuka hali yangu mwaka ule? Mume wangu anatema damu, watoto wanne, wa mwisho bado ananyonya. Mama mgongo umekwisha. Tanuri lile lilisimama kwa mikono ya Pesye peke yake. Nilimwona Shakhne na patasi yake dirishani, nikajua karatasi ikifika, Pesye ataondoka kabla ya Pasaka. Na ataondoka kwa haki. Hilo ndilo lililonitia hofu, kwamba nisingekuwa na neno la kumzuia.

Nikazitia motoni, zote mbili, kila moja kwa wakati wake. Nilijiambia nitamwandikia Elyokum mwenyewe mambo yakitulia. Mume wangu akafa. Vita vikaja. Wajerumani wakaja, wakaondoka, Wapolandi wakaja. Anwani ilikuwa imeungua.

Mtu wa viatu vya njano alipoanza ule msemo, nilijua amekula meza moja na Elyokum, au na maneno yake. Ndiyo maana nilikuandikia haraka hivyo. Nilitaka nijue unajua nini.

Usiniambie mimi ni mtu wa namna gani. Ninajua. Naomba kitu kimoja tu, Mama asiambiwe. Ana miaka sabini na tisa.

Hodes


Vilna, 14 Juni 1932

Kwa Hodes,

Tsivye alitaka akuandikie yeye. Nikamwambia hapana, hii ni yangu.

Jana nilipata talaka. Elyokum alikwenda mbele ya marabi wa huko, akateua mjumbe hapa, na karatasi ikafika salama. Ilikuwa na mistari kumi na miwili. Rabi aliniambia nivue pete na nikunje mikono ya gauni. Nilikinga viganja, mjumbe akaiachia ikaangukia humo, akasema, kwa hii umeachwa, na uko huru kwa kila mtu. Nikatembea nayo hatua chache mpaka ukutani na kurudi, ndivyo sheria inavyotaka. Nilidhani nitalia. Nilichofikiria ni kwamba karatasi ni nyepesi sana.

Yeye pia ameniandikia. Anaishi na mwanamke huko, wana mabinti wawili. Ameomba radhi vizuri, bila kujitetea. Nimemjibu kwamba nimepokea.

Wewe hujaniomba radhi. Umenitumia mto, kama ulivyomtumia Tsivye.

Nimepata kazi kwa mwoka mikate mtaa wa pili kutoka kwa Tsivye, na chumba chenye dirisha. Nataka Mama aje akae nami, kama mwenyewe anataka. Nimekaa naye miaka ishirini na tisa, zaidi ya nilivyokaa na mtu yeyote. Najua upande gani wa mgongo unamuuma.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Elyokum kwa mama yake. Imefungwa kwa lakiri, na lakiri nimeihesabu alama. Hutaisoma wewe. Bwana Vaynrib anakuja Zabrodets Jumapili kwa kazi yake, yeye ndiye atakayemsomea, na nimemwandikia kando kwamba barua hii iko njiani. Baada ya hapo wewe mwenyewe utamweleza kilichotokea mwaka wa kumi na mbili. Vaynrib atanijulisha kama umeeleza.

Na jibu la Mama kuhusu kuja kukaa nami, aliseme kwa mdomo wake na Vaynrib aliandike. Likija kwa mwandiko wako sitaliamini, hata kama ni la kweli.

Pesye


Zabrodets, Jumatatu
20 Juni 1932

Mwanangu Pesye,

Anaandika Bwana Vaynrib, nasema mimi. Nimemwambia asipambe.

Barua ya Elyokum nimesomewa mara tatu. Mara ya kwanza sikusikia kitu, nilikuwa naangalia mwandiko. Ana wasichana wawili, mmoja amepewa jina la mama yangu. Unaweza kufikiri. Kuna mtoto Argentina anaitwa Gnesye, na mimi nimekaa hapa miaka yote nikiogopa kumwashia mwanangu mshumaa wa wafu, na nikiogopa kutomwashia.

Kisha Hodes akanieleza. Hakukaa, alisimama, kama mtu aliye mbele ya hakimu. Sikupiga kelele. Nilimwambia anisomee zile barua mbili. Akasema, "Mama, nilizichoma." Nikamwambia azisome hivyo hivyo. Akazisema, Pesye. Zote mbili, kuanzia salamu mpaka sahihi, bila kukwama. Miaka ishirini alikuwa nazo kichwani. Bwana Vaynrib aliacha kuandika. Hata alipofika mahali Elyokum anaposema mke wangu apate kuishi, aliendelea mpaka mwisho.

Tangu hapo sijaongea naye, isipokuwa kuomba maji. Ananiletea.

Bwana huyu, maskini, kila mara ananiangalia akiwa na penseli tayari. Anatarajia niseme moja ya yale ya mama yangu kuhusu jambo hili. Nimetafuta. Nimepekua yote niliyopewa na yote niliyoyasikia, na hakuna linaloingia. Mwambie Tsivye kwamba leo mama yake hana msemo.

Unauliza kama nitakuja. Nataka kuja. Lakini nikiondoka sasa, Hodes atabaki na tanuri baridi na nafsi yake, na mimi ndiye niliyemzaa. Siwezi kumwachia nyumba hiyo kabla sijajua nitamwambia nini. Nipe mpaka majira ya baridi. Hapo nitakujibu, kwa mwandiko wa mtu mwingine kama huu.

Wewe njoo Sabato hii. Usiingie kwa mlango wa nyuma, ingia wa mbele. Usishike unga. Utaketi karibu nami na Hodes atapakua, na kama atataka kukuambia neno, atakuambia mbele yangu. Na kama hutaki kumwona, nitajua, sitakulaumu, nitamwomba Tsivye anichukue mimi nije kwa siku tatu.

Wananiambia kwamba kwa sheria wewe si mkwe wangu tena. Nimemwuliza rabi wa hapa, naye akasema ndivyo. Nikamwambia karatasi ile alitoa Elyokum. Mimi sijakuacha.

Badane,
kwa mkono wa N. Vaynrib